Pipa la Njano Karibu na Maktaba

Pipeline, Embakasi
9 Februari 2025

Kaka Patrobas,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu Nasambu, na wote mliobaki hapo nyumbani. Natumaini yale masikio hayajazidi kuharibika. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka jirani wa orofa ya juu akagonga sakafu, na wewe ukawa unanijibu habari za mahindi. Basi tuandikiane. Masinde anasema lori lake likishashusha mboga hapa Jumatatu, barua itarudi naye Shinyalu.

Sisi tu wazima. Maji yamekatika tangu Alhamisi. Kuna ghorofa jipya limesimama mbele ya dirisha langu, kwa hiyo taa naiwasha hata mchana. Hakuna jingine la hapa.

Kazini wameleta mapipa ya rangi tatu: la njano la chupa na mikebe, la buluu la karatasi, la kijani la mabaki ya chakula. Mkuu wa chuo aliyazindua kwa utepe na mkasi, sisi wa usafi tukapewa soda. Wanafunzi walipiga picha nayo siku mbili. Siku ya tatu nilikuta chipsi kwenye la karatasi, kiatu kwenye la chakula, na kwenye la njano kila kitu isipokuwa chupa. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Acha zako, tupa tu hapo. Kuna wasee wa kuokota." Hao wasee ni mimi na Teresiah, mwenzangu wa zamu.

Lakini sikukuandikia nilalamike. Nataka kukupa habari za Triza kabla hujaniuliza. Binti yangu yuko mwaka wa tatu sasa, na wamemchagua katibu wa chama cha mazingira cha wanafunzi. Akimaliza mwaka ujao atakuwa wa kwanza kwetu kuvaa lile joho. Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tangu alipoingia chuo hiki tulikubaliana kwamba tukikutana pale ndani, hatujuani. Yeye ndiye aliyeniomba, huku akilia. Wenzake wanajua mama yake ni mkulima huko Shinyalu. Nilikubali, kwa sababu sikuona faida ya kumfanya aingie darasani na ndoo yangu.

Hata hivyo tuna salamu yetu. Kila jioni anaweka chupa moja ya maji kwenye pipa la njano karibu na maktaba, na pipa hilo hulimwaga mimi asubuhi. Huwa ameisuuza, amebandua karatasi yake, ameikamua kama nguo mbichi kwa ule mkono wake wa kushoto mpaka ikawa nyembamba, kisha ameifunga kifuniko isivimbe tena. Ndivyo nilivyomfundisha alipokuwa mdogo, baada ya baba yake kututoka, tulipokuwa tukijaza chupa chini ya kitanda ili tumpelekee Kyule, yule mnunuzi wa plastiki wa Mukuru kwa Njenga. Katika chuo kizima hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nikiiona najua amekula, amelala, yuko sawa. Naitia guniani naendelea.

Usimwambie kwamba nimekuambia.

Ni mimi dada yako,
Khavere


Shinyalu
2 Machi 2025

Dada Khavere,

Barua yako imefika ikinuka sukuma wiki. Masinde aliiweka chini ya mizani, nikaisoma na majani yake. Nasambu anakusalimu na anauliza kwa nini hukumwekea ile soda ya mkuu wa chuo. Mvua bado. Jumamosi nilikwenda kutazama fahali wakipigana, na kwa kweli uziwi una faida yake, maana niliona pigano zuri bila kusikia kelele za wale walevi.

Nimecheka habari za kiatu kwenye pipa la chakula. Halafu nikaacha kucheka. Kule kiwandani Industrial Area tulikuwa na mapipa mawili, la misumari mizima na la misumari iliyopinda. Miaka ishirini na miwili sikuona mtu akikosea, na wengi wetu hatukupita darasa la saba. Ni kwa sababu tulimjua mzee aliyekuwa akiingiza mikono mle kuchagua. Tulikunywa naye chai. Hao watoto wenu hawajui ni mikono ya nani inayoingia kwenye hayo mapipa.

Sasa hilo la kutojuana na mwanao silipendi, na nakwambia wazi. Sikukukataza kwa sababu hukuniuliza. Mtoto wa kwangu alikuwa akiniletea chakula pale lango la kiwanda, mimi nimejaa grisi, ananiita baba mbele ya kila mtu. Lakini wewe ndiwe unayemlea, na chupa ni afadhali kuliko kimya. Mwambie mjomba wake anamsalimu. Mwambie kwa hiyo hiyo chupa kama ndiyo simu yenu.

Kakako,
Patrobas


Pipeline, Embakasi
23 Machi 2025

Kaka Patrobas,

Salamu kwenu nyote. Mimi mzima kwa neema ya Mungu. Kanisani tumeanza kukusanya viti vya plastiki, maana vile vya mbao vimeisha kwa mchwa. Maji yalirudi, yakakatika tena.

Chama cha mazingira kilikuwa na wiki yake. Walimwaga mapipa yote juu ya turubai pale uwanjani, wakavaa glavu, wakahesabu nini kimeingia wapi. Ijumaa ya tarehe kumi na nne walibandika matokeo na picha kwenye ukumbi wa kulia chakula. Kulikuwa na orodha ya vizuizi vinavyofanya watu wasitenganishe taka. Sikuisoma yote.

Mimi nimehamishwa. Sasa nasafisha vyoo na korido za jengo la utawala. Ni mbali na lango, kwa hiyo asubuhi natembea kidogo zaidi ya nilivyokuwa nikitembea, si neno. Pipa la maktaba limepewa mtu mwingine, lakini huwa nalipitia kabla sijaanza zamu. Nalifungua, naichukua ile chupa, nalifunga.

Triza ni mzima. Alhamisi na Ijumaa zote nilikuta chupa.

Kuna kitu mkononi, sijui ni nini. Si maumivu. Ni kama umeulalia ukafa ganzi, ila huu hauamki. Teresiah anasema ni dawa ya vyoo. Nimekuambia tu.

Dada yako,
Khavere


Shinyalu
20 Aprili 2025

Dada Khavere,

Leo ni Pasaka, Bwana amefufuka. Barua yako ya Machi imenifikia juzi tu, kwa sababu lori la Masinde lilivunjika gia pale Mau Summit na yeye akalala nalo siku tisa. Kabichi zote zilioza. Ulikuwa umeniandikia "si neno" na "sikuisoma yote", na mimi nimesoma maneno hayo mara nyingi kuliko ulivyodhani.

Hapa mvua imenyesha. Maharagwe yamepaliliwa mapema mwaka huu, mikono imeongezeka, yaani wifi yako siku hizi ana bidii sana. Nyumba haina taka hata chembe. Nyuma ya jiko kuna magunia matatu yametundikwa ukutani, la plastiki, la karatasi na la bati. Mimi nikikosea gunia, naitwa. Katika umri wangu!

Nataka kukuuliza, na ujibu. Je, chuoni kulitokea jambo? Mbona ulihamishwa? Mtu hahamishwi kutoka uwanjani kwenda chooni bila sababu, hata kiwandani kwetu haikuwa hivyo. Na ile picha waliyobandika ilikuwa picha ya nini?

Chuo kikifunga, Triza atakuja kwako Pipeline au atabaki bwenini? Nauliza tu.

Mkono huo upeleke hospitali.

Patrobas


Pipeline, Embakasi
18 Mei 2025

Kaka Patrobas,

Salamu. Nashukuru kwa ndizi. Mbili tu ndizo zilizopondeka. Viti vya kanisa vimetosha.

Wiki hii mwalimu mmoja wa chuo alitukalisha sisi wa usafi na karatasi ya maswali. Anatafiti kwa nini wanafunzi hawatenganishi taka. Ni mara ya kwanza kwa mtu kutuuliza. Teresiah aliogopa akasema kila kitu kiko sawa. Mimi nilimjibu. Nilimwambia mapipa yako chini na wanafunzi wanalala orofa ya nne. Nikamwambia vifuniko ni vichafu na hakuna anayetaka kuvishika kisha akale mandazi. Maandishi ya kwenye mapipa yamejaa maneno ambayo hata yeye mwalimu alipoyasoma alisita. Tena, mwanafunzi akisimama mbele ya mapipa matatu akichagua, wenzake wanamwita chokoraa, basi anatupa haraka na kuondoka. Akaniuliza kama kuna kingine. Nikasema hakuna.

Kilikuwepo. Sikukisema.

Chupa bado ipo kila asubuhi. Jumapili Triza ananitumia ujumbe kwa simu, "Niko sawa mama, nasoma." Mimi namjibu, "Sawa."

Nimefurahi kusikia wifi amekuwa na bidii. Alianza lini kutenganisha?

Khavere


Shinyalu
22 Juni 2025

Dada Khavere,

Sisalimu leo. Nikianza na salamu nitaingia kwenye mvua na maharagwe, halafu karatasi itaisha tena kama ilivyoisha mara ile.

Triza yuko hapa. Alifika tarehe ishirini na moja Machi, siku ya Ijumaa, saa nane mchana, na begi moja. Aliniapisha kwa kaburi la mama yetu kwamba sitakuambia, na mimi mjinga nikaapa kabla ya kuuliza ninaapia nini. Barua ya Pasaka niliandika naye amekaa mlangoni akichambua maharagwe. Uliponiuliza wifi alianza lini kutenganisha, nilifunga barua, nikatoka nje, nikakaa na ng'ombe.

Chupa unazoziona si zake. Alimwomba msichana anayekaa naye chumba kimoja, Wanja, awe anaweka moja kila jioni ili usigundue. Alimwonyesha jinsi ya kuikamua. Ule ujumbe wa Jumapili anauandika hapa chini ya mparachichi, kwa sababu ndipo mtandao unaposhika.

Ilichukua wiki sita kabla hajaniambia sababu. Nakuandikia kama alivyoniambia. Yeye kama katibu ndiye aliyeandika ile orodha ya vizuizi. Kizuizi cha kwanza aliandika kwamba wafanyakazi wa usafi huchanganya taka zilizokwisha kutenganishwa, kwa hiyo wanafunzi wanaona hakuna haja. Wenzake walikuwa wamehesabu, akaandika walichohesabu. Halafu mwenyekiti wao, kijana anayeitwa Thuo, akatafuta picha ya kuweka pale juu. Picha ilikuwa ni wewe. Umeinama, unamwaga mapipa yote matatu kwenye gunia moja. Anasema ilikuwa kubwa kama mlango. Thuo akamwuliza mbele ya wote, "Katibu, si hii iko poa?" Naye akasema iko poa.

Kisha ukapita na ndoo, ukasimama, ukaitazama, na yeye alikuwa amesimama kando yake. Anasema hukumtazama yeye hata kidogo.

Aliomba chuo ruhusa ya kupumzika muhula mmoja na wakampa. Barua yao inasema asiporudi kujiandikisha kufikia tarehe tano Septemba, nafasi yake imekwenda. Nimemwuliza kama atarudi, akasema hajui. Halii, Khavere. Ningependa alie. Anapalilia, anachota maji, anapanga magunia yake, analala. Nasambu anasema ni kama mtu aliyemaliza mazishi.

Nimevunja kiapo. Mama atanisamehe. Nawe unisamehe.

Kakako,
Patrobas


Pipeline, Embakasi
6 Julai 2025

Kaka Patrobas,

Barua yako imefika kwa siku tatu. Masinde ana gia mpya.

Nilijua. Barua yangu ya Machi niliiandika nikiamini kila neno. Kesho yake, Jumatatu, nilifungua pipa nikakuta chupa imesuuzwa vizuri, haina karatasi, imefungwa. Lakini ilikuwa imekamuliwa kwa mkono wa kulia. Mikunjo ya Triza huzunguka upande wake, kama kamba iliyosokotwa kinyume. Hii ilizunguka kama ya watu wote. Nilisimama pale nimeishika mpaka mlinzi akaniuliza, "Mathe, umepoteza kitu?"

Nilichelewa kutoka kazini jioni mbili nikamwona anayeiweka. Ni msichana mfupi mwenye miwani. Alikuwa kwenye bomba anahangaika na chupa, inamtoroka mikononi, anaiokota, anaanza upya. Sikumwambia kitu. Yule Wanja sasa ndiye mwanafunzi pekee anayetenganisha taka sawasawa katika chuo kile, na anafanya hivyo ili kunidanganya.

Triza hana pengine pa kwenda ila kwako. Ulipoandika mikono imeongezeka, nikapumua. Basi Mei nilikuandikia kwamba yuko sawa nikingoja wewe unijibu kwamba ni kweli, ni mzima. Ulikawia, kaka. Lakini ulimlisha.

Kuhusu picha. Ndiyo, niliiona. Nilijiona kisigino cha kandambili kimekatika, nikafikiri, kumbe hata huku nyuma kunaonekana. Hilo ndilo nililofikiri. Kisha nikaenda kupiga deki orofa ya pili. Jioni Magan, msimamizi wetu, akanipa barua ya onyo na ya kuhamishwa, nikaitia sahihi. Nilingoja hasira ije, haikuja. Nililala, nikaamka, haikuja. Hiyo ndiyo ganzi niliyokuambia. Hospitali nilikwenda, mkono hauna kitu.

Sasa sikiliza lile ambalo sikumwambia yule mwalimu wa maswali. Ni kweli nachanganya. Sote tunachanganya. Tunapewa gunia moja kwa kila jengo, na mkokoteni mmoja. Lori linalokuja ni moja, lina tumbo moja, na saa mbili kamili asubuhi linaondoka. Ukibaki na mapipa hujamwaga, ni kosa lako. Zamani tulikuwa tukichagua chupa nyuma ya jengo na kumpelekea Kyule. Mapipa ya rangi yalipokuja tukakatazwa, tukaambiwa chupa sasa ni za kampuni ya lori. Kampuni inazitupa pamoja na wali. Kwa hiyo mwanafunzi aliyetenganisha anaona mimi namwaga pamoja, anajiona mjinga, kesho hatenganishi. Hana kosa. Mimi pia sina pa kupeleka.

Triza anayajua hayo yote. Nilikuwa nikimweleza hapa chumbani nikipika, naye amekaa kitandani na vitabu. Mwambie aliandika kweli. Alichoacha ni sababu tu, na angeiandika wangemwuliza ameijuaje. Hapo ndipo kalamu ilipokwama. Najua, maana kamba iliyomfunga tulisokota pamoja, mimi na yeye.

Sitaki aje kuniomba msamaha. Sitaki kulia na mtu kwenye korido. Nataka amalize shule. Mwambie arudi kabla ya tarehe tano, hata kama hatutasalimiana mpaka siku ya joho na hata siku hiyo yenyewe. Nimezoea.

Msomee barua hii. Au mpe aisome mwenyewe.

Khavere


Shinyalu
3 Agosti 2025

Dada Khavere,

Nasambu anakusalimu. Mahindi yameanza kukauka.

Nilimpa barua. Aliisoma amesimama jikoni, akairudia, akaikunja, akaitia kwenye Biblia yangu bila kuniuliza.  Siku ya tatu nilimkuta anasuuza chupa pale bombani, nikafikiri anaanza kazi yake ya magunia. Akaniuliza, kwa sauti kubwa ili nisikie, "Mjomba, aliandika amezoea?" Nikasema ndiyo, aliandika hivyo. Akasema, "Hilo neno." Halafu akalia. Alilia vizuri, Khavere, mpaka ng'ombe akageuka.

Tangu hapo anakula. Lakini kuhusu kurudi hajasema, na mimi sitaki kumsukuma. Nimemwuliza mara moja tu, akajibu, "Nitarudi niwe nani pale?"  Nimekaa na swali hilo tangu siku hiyo.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi. Septemba itafika tuone.

Patrobas


Pipeline, Embakasi
14 Septemba 2025

Kaka Patrobas,

Nakusalimu wewe na wifi. Mimi ni mzima, na leo naandika mezani, si magotini, kwa sababu nimepata meza. Mtu wa orofa ya juu amehama akaniachia. Ndiye yule wa kugonga sakafu. Maji yapo.

Hukuniambia kama alipanda gari. Najua ni yeye alikuomba ukae kimya tena, nawe hujajifunza. Kwa hiyo wiki nzima ya kwanza ya Septemba nilikuwa nikifungua lile pipa bila kujua lolote. Tena siku hizi si rahisi. Kuna kitu kimetokea chuo kilipofunguliwa, hata sielewi. Wenzake Wanja walimwona akikamua chupa kila jioni wakadhani ni mtindo, nao wakaanza. Jumatatu nilikuta chupa sita zimekamuliwa. Jumatano kumi na moja. Nilizitoa moja moja kwenye pipa nikizikagua mikunjo, mlinzi akinitazama. Zote za kulia. Alhamisi, zote za kulia. Nikafunga kifuniko nikaenda jengo la utawala nikajaza ndoo.

Ijumaa tarehe tano ilikuwa siku ya mwisho ya kujiandikisha. Foleni ilianzia dirisha la masijala ikapita korido yangu yote mpaka nje kwenye ngazi. Watoto wanaruka maji ninayopiga deki kana kwamba ni mtaro. Mimi nimeinama, naona viatu tu. Viatu, viatu. Kisha jozi moja ikasimama mahali palipo maji, haikuruka.

Nikasikia, "Mama."

Nikaendelea kupiga deki. Pale wasichana wote huniita mathe au mama, ni jina la kila mfagiaji.

Akasema, "Mama, ni mimi."

Nikainua kichwa. Amekonda, amekuwa mweusi kwa jua la kwenu. Ameshika chupa mkononi, imekamuliwa, mikunjo inazunguka upande wake. Akaninyooshea. Foleni nzima imegeuka. Thuo yule wa picha alikuwa watu watatu nyuma yake, na kimya kilichoingia pale korido hata wewe ungekisikia.

Kaka, nilikuwa nimekaa miezi sita nikijiandaa kutosema neno. Nilichoweza kusema ni hiki: "Peleka kwenye pipa la njano kama watu wengine."

Akasema, "Liko mbali, Mama. Nitapoteza nafasi yangu."

Ni kweli, liko mbali. Hata mwalimu wa maswali nilimwambia. Basi nikaipokea. Nikampangusia maji kwenye viatu kwa kile kitambaa cha madirisha, nikamwambia arudi kwenye foleni. Msichana aliyekuwa nyuma yake alimshikia nafasi. Nilipogeuka na ndoo nikasikia akiulizwa, "Kwani unamjua?" na yeye akijibu, wala hakupunguza sauti, "Huyo ndiye mamangu. Muulizeni yeye kwa nini wanachanganya."

Amejiandikisha. Risiti yake nimeiona kwa macho.

Gunia bado ni moja kwa kila jengo, lori bado lina tumbo moja, na mimi bado niko vyooni. Usije ukafikiri chuo kimegeuka. Lakini jana Triza alikuja Pipeline na Wanja wakala ugali hapa kwenye meza hii, na nikamfundisha yule msichana kukamua chupa bila kuitorosha. Zile walizomaliza kunywa nimewaambia wampelekee Kyule.

Ile ya korido sijampelekea Kyule. Niko nayo hapa dirishani, na mkono umeanza kuniuma.

Dada yako,
Khavere